Duka lililohamia uani kwa baa: kisa cha kijiji kimoja cha Uingereza

Kisa hiki ni cha kijiji kidogo kusini-magharibi mwa Uingereza kilichopoteza duka na kaunta yake ya posta mwaka 2017, kikafungua duka lake chenyewe mwaka uliofuata. Majina ya kijiji, kaunti na watu yameondolewa, na baadhi ya tarakimu zimezungushwa ili pasitambulike. Nilikifuatilia kwa karibu: nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani katika eneo hilo, nilinunua hisa za ushirika ule na nilishika zamu dukani.

Nakiandika kwa ajili ya wenzangu wanaoendesha vyama vya ushirika, SACCOS, kamati za maji na maduka ya vijiji, kwa sababu mambo mawili yaliyoamua hatima ya duka lile hayakuwa yale yaliyozungumzwa sana mikutanoni. La kwanza ni mkataba wa pango. La pili ni ufunguo wa mita ya umeme.

Kijiji chenyewe

Kina watu wapatao 500. Barabara kubwa inapita mbali kidogo, na kuingia kijijini unafuata kinjia chembamba chenye ua wa miti pande zote mbili. Magari mawili yakikutana, moja hurudi nyuma hadi penye upenyo. Katikati kuna kanisa la mawe la Kianglikana, shule ndogo ya msingi, ukumbi wa kijiji, kiwanja cha michezo, baa moja, na kile kibanda chekundu cha simu kilichobuniwa na Giles Gilbert Scott mwaka 1935. Simu yenyewe iliondolewa. Baraza la kijiji lilikichukua kibanda kwa pauni 1 kupitia mpango wa kampuni ya BT wa kuviachia vijiji vibanda visivyotumika, na sasa kinahifadhi mashine ya kushtua moyo uliosimama. Zahanati, benki na maduka makubwa viko mji wa jirani, kilomita 9. Hakuna bomba la gesi, kwa hiyo nyumba hupashwa joto kwa mafuta ya tangi au kwa umeme.

Kijiji kina sehemu mbili, na bila kuzijua huwezi kukielewa kisa hiki. Bondeni, kuzunguka kanisa, ziko nyumba za mawe za zamani, nyingi zikikaliwa na wastaafu waliohamia kutoka mijini. Kilimani ziko nyumba zilizojengwa na halmashauri baada ya Vita Kuu ya Pili. Huko wanaishi vibarua wa mashamba, madereva, wahudumu wa wazee kama mimi, na baadhi ya wazee waliozaliwa papo hapo. Kwa miguu ni mwendo wa dakika kumi hivi. Wanaonana kanisani na kwenye mazishi, lakini kamati karibu zote huundwa na watu wa bondeni.

Baraza la kijiji ni ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa za Uingereza, na mabaraza haya yalianzishwa kwa sheria ya mwaka 1894. Huruhusiwa kutoza nyongeza ndogo juu ya kodi ya nyumba kwa ajili ya mambo kama ukumbi, taa na makaburi. Halina mamlaka juu ya posta. Basi liko chini ya kaunti. Vibali vya ujenzi hutolewa na halmashauri ya wilaya, na baraza huombwa maoni tu.

Duka linafungwa

Duka lilikuwa la mume na mke ambao waliishi ghorofani, juu yake. Waliuza mkate, maziwa, magazeti na vocha za simu, na mke alikuwa wakala wa posta kwenye kaunta ya pembeni. Vuli ya 2016 walitangaza kwamba wanastaafu. Walikuwa wamepita miaka 70, hakuna mtoto aliyetaka kurithi kazi, na faida ilishapungua kiasi kwamba hakuna mnunuzi aliyejitokeza kwa biashara yenyewe. Hawakumkosea mtu. Walikihudumia kijiji kwa miongo mingi na walikuwa wamechoka.

Baraza lilikimbilia sheria. Chini ya Localism Act ya mwaka 2011, wananchi wanaweza kuiomba halmashauri ya wilaya iorodheshe jengo kuwa mali yenye thamani kwa jamii, na halmashauri ina wiki 8 za kuamua. Jengo likishaorodheshwa, mwenye nalo akitaka kuuza lazima atoe taarifa. Wananchi wana wiki 6 za kusema kwamba wanataka kununua, na wakisema hivyo mauzo husimama hadi miezi 6 itimie ili watafute fedha. Baa ya kijiji ilikuwa imeorodheshwa tangu 2014. Duka halikuwa limeorodheshwa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kudhani liko hatarini.

Ombi lilipelekwa Desemba na likakubaliwa Februari 2017. Halikusaidia kitu. Ulinzi wa sheria hiyo huanza pale mali inapouzwa au kupangishwa kwa miaka 25 au zaidi, na wazee wale hawakuwa wakiuza. Walitaka kubaki nyumbani kwao na kugeuza duka kuwa sebule. Walihitaji kibali cha kubadili matumizi, na kwa maduka madogo utaratibu huo ulikuwa umelegezwa tangu 2014. Wakakipata. Mwisho wa Machi 2017 duka lilifungwa, na kaunta ya posta ikafungwa siku hiyo hiyo.

Kilichofuata kilionekana haraka zaidi kilimani kuliko bondeni. Wenye magari waliendelea kununua vitu mjini kama kawaida yao. Wasio na magari walibaki na basi la siku mbili kwa wiki, lililoondoka saa tatu na dakika kumi asubuhi. Uingereza, waliofikia umri wa pensheni ya serikali hupanda basi bure, lakini siku za kazi haki hiyo huanza saa tatu na nusu, isipokuwa mamlaka ya eneo iamue kuiongeza. Kwa dakika ishirini tu, mzee wa kijiji hiki alilipa nauli ya kwenda na akarudi bure.

Maamuzi na sababu zake

Mkutano wa wanakijiji ulifanyika Aprili 2017 na ukumbi ulijaa. Kamati ya watu saba ilichaguliwa, wote wa bondeni. Ilikuwa na mambo matatu makubwa ya kuamua.

La kwanza lilikuwa muundo. Walichagua chama cha ushirika cha manufaa ya jamii, kinachosajiliwa chini ya sheria ya ushirika ya mwaka 2014 kwa mamlaka ya usimamizi wa huduma za fedha, FCA. Walisaidiwa na Plunkett Foundation, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1919 na Sir Horace Plunkett kutoka Ireland, ambayo hutoa katiba za mfano kwa maduka na baa za vijiji. Kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa za pauni 50 au za pauni 5,000. Hisa haziuzwi kwa mtu mwingine wala hazipandi thamani. Mwenye nazo anaweza tu kuomba arudishiwe fedha zake, na chama hulipa pale uwezo unaporuhusu. Anayejua historia ya KNCU, chama cha wakulima wa kahawa kule Moshi, Tanzania, kilichosajiliwa mwaka 1933, ataitambua familia hii ya ushirika. Kanuni ya kura moja inajulikana zaidi kwa wale watu 28 wa Rochdale, mji wa Uingereza, waliofungua duka Desemba 1844 wakiuza unga, siagi, sukari na mishumaa.

La pili lilikuwa mahali, na hapa ndipo muda mwingi ulipotea. Chaguo la kwanza la kamati lilikuwa chumba cha pembeni cha ukumbi wa kijiji. Lakini ukumbi ni mali ya amana ya hisani, na hati yake ya miaka ya 1920 ilisema utumike kwa burudani na mafunzo ya wakazi. Wadhamini waliogopa kwamba kupangisha sehemu yake kwa biashara kungekiuka hati, na kuibadilisha kulihitaji taratibu ndefu. Walikuwa na wasiwasi pia juu ya maegesho siku za harusi. Miezi minne ikapita kwa barua na majibu.

Kisha mpangaji wa baa akajitolea ghala lililokuwa uani kwake. Paa lilikuwa zima na kuta kavu, na umeme ungevutwa kutoka baa kwa mita ndogo. Kampuni yenye jengo ilikubali kwa sharti kwamba duka lisiuze bia. Kamati ilijua maana ya sharti hilo, kwa kuwa pombe ni moja ya bidhaa zinazoleta faida nzuri katika duka dogo. Walikubali bia itoke, wakashikilia mvinyo, na wakaupata.

Wengi walitaka kuanza mara moja kwa makubaliano ya mdomo. Baa na kijiji walikuwa marafiki. Mjumbe mmoja, aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya mawakili, alisimama kidete na kudai mkataba ulioandikwa wa miaka 10, uandikishwe kwenye rejesta ya ardhi ya taifa kama sheria inavyotaka kwa pango linalozidi miaka 7, na usiwe na kifungu cha kuwanyima ulinzi wa sheria ya wapangaji wa biashara ya mwaka 1954. Sheria hiyo humpa mpangaji haki ya kuomba mkataba mpya ule wa zamani ukiisha, na mwenye jengo anaweza kukataa kwa sababu zilizotajwa tu. Wenye majengo hupenda kumtaka mpangaji aisamehe haki hiyo kabla ya kutia saini. Ada ya wakili ilikula sehemu kubwa ya fedha zilizokuwepo wakati huo, na mkutanoni ilisemwa wazi kwamba huo ni ufujaji. Kamati ikalipa.

La tatu lilikuwa posta. Uingereza huitaka kampuni ya Post Office idumishe angalau matawi 11,500, na asilimia 95 ya watu wa vijijini wawe ndani ya maili 3 kutoka tawi mojawapo. Kwa hesabu ya nchi nzima, kijiji kimoja kinaweza kukosa na sharti likatimia. Ushirika ungeweza kuomba kuendesha kaunta, lakini malipo ni kamisheni kwa kila muamala, na kamati iliogopa kubeba dhamana ya upungufu wa hesabu. Habari za mawakala walioshtakiwa kwa sababu ya mfumo wa kompyuta wa Horizon, ulioonyesha upungufu wa fedha usiokuwepo, zilikuwa zimekwisha kuandikwa magazetini tangu 2009, na kesi ya mawakala zaidi ya 500 ilikuwa mahakamani. Leo tunajua ukubwa wa dhuluma ile: zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani, na Mei 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu hizo. Kamati iliamua kukaribisha wakala wa mji wa jirani aje na vifaa vyake asubuhi mbili kwa wiki, akae kwenye meza ndani ya duka. Wateja wa karibu benki zote kubwa wangeweza kutoa na kuweka fedha kwenye meza hiyo.

Hisa ziliuzwa mapema 2018, kiwango cha chini pauni 50. Wanachama walifika 140. Duka lilifunguliwa Oktoba 2018 na meneja mmoja wa kulipwa kwa nusu siku, na watu wa kujitolea wapatao 40 wakipokezana zamu za saa mbili. Kwa kuwa ni duka pekee katika kijiji chenye watu chini ya 3,000 na thamani yake ya kodi ni ndogo, lilisamehewa kodi ya majengo ya biashara.

Ufunguo wa umeme

Kabla ya kufungua, kamati ilisambaza dodoso lililobanwa ndani ya jarida la kijiji, na masanduku ya kurudishia yakawekwa kanisani na baani. Liliuliza watu wangependa kununua nini, likataja jibini za mashamba ya karibu, mkate wa siku hiyo, mvinyo, magazeti, kahawa. Majibu yalitoka bondeni karibu yote. Duka likapangwa kwa majibu hayo.

Nyumba nyingi za kilimani zina mita za umeme za kulipia kabla. Msomaji wa Tanzania asifikirie LUKU ya leo, ambapo uniti hununuliwa kwa simu na namba ikabonyezwa kwenye mita. Mita hizi hutumia ufunguo wa plastiki. Unaupeleka dukani, mwenye duka anauchomeka kwenye kifaa chake na kupakia fedha, unarudi nyumbani na kuuchomeka kwenye mita. Bila duka lenye kifaa hicho, pauni 20 mkononi hazikusaidii. Utakaa gizani nazo. Mita hukopesha kiasi kidogo cha dharura, kikiisha umeme unakatika.

Duka la zamani lilikuwa na kifaa hicho. Lilipofungwa, hakuna hata mmoja katika kamati aliyejua, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyekuwa na mita ya aina hiyo. Kwa mwaka mmoja na nusu, jirani mmoja wa kilimani alikuwa akikusanya funguo za wenzake. Nilimkuta kituo cha basi asubuhi ya baridi kali akiwa na mfuko wa kitambaa: funguo kadhaa, kila mmoja umefungwa kwa uzi kwenye bahasha yake, juu ya bahasha jina, ndani noti. Alizipeleka mjini, akapakia moja moja huku foleni ikinung'unika nyuma yake, akarudi na basi la mchana na kuzigawa nyumba kwa nyumba. Mama mmoja niliyekuwa nikimhudumia, mwenye zaidi ya miaka 80, alikuwa anazima hita saa kumi jioni siku za Alhamisi ili salio lifike Ijumaa, siku ya basi.

Duka jipya lilifunguliwa bila kifaa hicho. Kamati ilipoulizwa, ilijibu kwamba kamisheni yake ni ndogo mno na kampuni inayokitoa huwatoza wenye miamala michache. Hesabu yao ilikuwa sahihi kwa mstari ule mmoja wa daftari. Katika mkutano mkuu wa Machi 2019, yule jirani mwenye mfuko, ambaye hakuwa mwanachama na kwa katiba hakuwa na kura, aliomba ruhusa ya kusema. Alieleza kwa utulivu anachokifanya kila Ijumaa. Ukumbi ulinyamaza. Kifaa kiliagizwa wiki hiyo, na kima cha chini cha hisa kikashushwa hadi pauni 10.

Aliyekuja kupakia ufunguo alinunua maziwa na mkate. Kisha akasema mkate ni ghali, na kwa mara ya kwanza meneja akalisikia neno hilo kutoka kwa mtu anayesimama mbele yake. Ukaletwa mkate wa bei nafuu, nyama za makopo, sabuni ya unga ya kawaida. Jibini za mashambani zilipunguzwa nafasi. Kabla ya mwaka kwisha, mauzo ya siku za kazi yalikuwa yamepita ya Jumamosi, siku ambayo watu wa bondeni walipenda kuja.

Machi 2020

Tarehe 16 Machi 2020 serikali iliwashauri watu wenye miaka 70 na zaidi wajitenge na wengine kwa uangalifu mkubwa kwa sababu ya Uviko. Orodha ya zamu za dukani iliporomoka kwa siku moja: walio wengi kati ya watu 40 wa kujitolea walikuwa na umri huo. Siku nne baadaye baa ziliamriwa kufungwa, na tarehe 23 nchi ikafungiwa ndani. Wakati huo huo kijiji kizima, pamoja na waliokuwa hawajawahi kulikanyaga duka, kilitaka kununua hapo.

Duka liliokolewa na kilimani. Wafanyakazi wa hoteli na mikahawa waliosimamishwa kwa malipo ya serikali waliruhusiwa kujitolea kwa shirika lingine lisilo la mwajiri wao, na kadhaa waliishi huko juu. Walishika zamu, wakapokea maagizo kwa simu na kusambaza masanduku milangoni. Nina hakika kwamba hilo lisingewezekana mwaka mmoja nyuma, kabla ya kifaa cha funguo, kwa kuwa watu wale wasingekuwa na sababu ya kulijua duka wala duka kuwajua wao.

Wauzaji wa jumla walileta tatizo lingine. Lori lao halikuingia katika kinjia kile kwa agizo dogo. Meneja aliungana na duka la kijiji kingine, wakaagiza pamoja, lori likashusha kwenye shamba moja kando ya barabara kubwa, na trekta likamalizia.

Baa inauzwa

Mwaka 2022 mpangaji wa baa aliondoka. Kampuni yenye jengo iliamua kuuza, na kwa kuwa iliuza baa ikiwa biashara inayoendelea, ulinzi wa miezi 6 haukuhusika. Hiyo ni mojawapo ya njia ambazo sheria inaziruhusu. Ule uorodheshaji wa baa, uliokuwa fahari ya baraza, haukusimamisha chochote. Mmiliki mpya alitaka ghala liwe vyumba vya wageni.

Alikuta mkataba. Umeandikwa, umesajiliwa, una miaka sita iliyobaki, na mpangaji analindwa na sheria ya 1954. Mawakili wake walimweleza hivyo hivyo, akaacha. Tangu hapo uhusiano ni mzuri, na mwaka wa kwanza alilipa mwenyewe kurekebisha mfereji wa uani.

Umeme ulikuwa mgumu zaidi. Mita ndogo ya duka ilifuata mkataba wa baa, na mkataba huo ulipokwisha katika ile vuli ya bei kubwa za umeme, gharama ya duka ilipanda zaidi ya maradufu. Duka lilikuwa na friji mbili zilizo wazi mbele, zilizonunuliwa mkononi kwa bei ya chini. Fedha za akiba zilitumika kununua friji zenye milango.

Hali ilivyo

Duka lipo. Faida yake ni ndogo, miaka mingine hakuna. Meneja sasa ni wa siku nzima, na zamu za kujitolea zina watu wachache zaidi lakini wa rika mchanganyiko. Bodi ina wajumbe wawili wa kilimani. Meza ya posta inaendelea asubuhi mbili. Basi nalo lilisogezwa, baada ya baraza kuiandikia kaunti mara kwa mara, hadi saa tatu na dakika thelathini na tano.

Uchambuzi

Mkataba wa pango ndio uamuzi bora kuliko yote katika kisa hiki, na ndio uliopingwa zaidi. Nafahamu ugumu wa kumwambia rafiki kwamba unataka wema wake uandikwe na usajiliwe. Inaonekana kama kumtilia shaka. Lakini aliyewapa ghala hakuwa mwenye jengo, na miaka minne baadaye hakuwepo. Kikundi kinachoendesha huduma katika jengo la mtu mwingine kinapaswa kujiuliza jambo moja kabla ya kununua hata rafu: jengo likiuzwa kesho, tunabaki na nini mkononi?

Orodha ya mali zenye thamani kwa jamii, kwa maoni yangu, iliwapa watu imani iliyozidi uwezo wake. Inazuia aina moja ya mauzo kwa muda. Haimlazimishi mwenye mali kuuza, wala kuwauzia wananchi, wala kuendelea na biashara aliyochoka nayo. Baraza lililoamini kwamba limeilinda baa halikuwa na mpango wowote kwa ajili ya duka. Laiti mwaka 2014 mtu angewaendea wale wazee wawili na kuwauliza wanatarajia kustaafu lini, kijiji kingekuwa na miaka miwili ya kujiandaa.

Kuhusu posta, nadhani kamati ilikuwa sahihi, ingawa kijiji kilipoteza siku nne za huduma kwa wiki. Kubeba dhamana ya hesabu ambazo huwezi kuzikagua mwenyewe ni hatari kwa chama chenye mtaji mdogo.

Dodoso lilikuwa kosa kubwa, na halikutokana na ubaya wa mtu. Waliolitunga waliuliza kwa uaminifu yale waliyoyajua. Namna lilivyosambazwa ndiyo iliyoamua nani ajibu: jarida husomwa bondeni, na masanduku yalikuwa kanisani na baani. Kupanda kilimani jioni mbili na kubisha hodi kungetosha. Tena orodha ya bidhaa ilificha kitu ambacho si bidhaa. Ufunguo, kutoa na kuweka fedha, kifurushi kinachosubiri mwenyewe, dawa iliyoletwa kutoka zahanati: hivi haviingizi faida ya kuonekana, na ndivyo vinavyomfanya asiye na gari apite mlangoni.

Lile sharti la bia linaendelea kugharimu. Siwalaumu, kwa kuwa walikuwa na ghala moja tu la kuchagua. Ila wangeweza kuomba liangaliwe upya baada ya miaka mitatu, na hawakuomba.

Na kutegemea wazee wa kujitolea lilikuwa tatizo lililokuwa wazi kabla ya Uviko. Watu 40 wa rika moja huugua pamoja, husafiri kwa wajukuu wakati mmoja wa likizo, na huzeeka pamoja. Hilo sasa limehamia kwenye mtaji. Wanachama wa mwanzo wanafariki, na warithi wanaomba fedha za hisa zirudishwe. Bodi imeweka ukomo: jumla ya hisa zinazorudishwa kwa mwaka isizidi asilimia 10 ya mtaji, na kila mwaka wenye faida sehemu yake iende kwenye mfuko wa kuzilipa.

Mkataba wa ghala unaisha 2028. Mmiliki akitaka kujenga upya, sheria ya 1954 inampa nafasi ya kukataa kuuongeza, hata kwa mpangaji mwema. Kwa hiyo bodi imerudi kwenye ukumbi wa kijiji. Sheria ya mashirika ya hisani ya mwaka 2022 imewarahisishia wadhamini kubadili hati za zamani, na rasimu ya kuruhusu duka katika kile chumba cha pembeni iko mezani kwao. Maegesho bado yanabishaniwa. Safari hii barua ya kuomba maoni imepelekwa kwa mkono katika kila nyumba, ikaanzia kilimani.